Maneno ya Kuchungulia Tumbo katika Temeke na Kinondoni

Neno tumbo katika Kiswahili cha kila siku hubeba mzigo wa maana nyingi kwa wakati mmoja. Ni sehemu yote ya mwili iliyo chini ya kifua na juu ya nyonga. Ni kile kiungo cha ndani kipokeacho chakula kutoka umioni. Ni mji wa mimba, kama asemapo mtu kwamba mwanamke fulani ana tumbo la miezi mitano. Na katika wingi, matumbo, ni chango zote zilizokunjamana ndani. Nyumbani na sokoni wingi huu wa maana haudhuru kitu, maana wasemaji huelewana kwa mahali na wakati wa mazungumzo. Lakini tangu utabibu ulipopata vyombo vya kuingia ndani ya mwili bila kuupasua, neno hilo limewekwa mlangoni mwa chumba cha daktari, na hapo utata wake umekuwa jambo la uhai.

Mahali pafaapo kulitazama jambo hili ni vitongoji vya nje vya Dar es Salaam. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 Manispaa ya Temeke ilikuwa na watu 1,346,674 na Kinondoni 982,328, katika mkoa wenye watu 5,383,728. Wakazi wa Mbagala, Tandika, Tandale, Mwananyamala na Bunju wametoka kila upande wa nchi, na Kiswahili ndiyo lugha iwaunganishayo. Mgonjwa wa huko aghalabu huanzia duka la dawa au zahanati. Kisha huenda Hospitali ya Temeke au ya Mwananyamala, ambazo ni hospitali za rufaa za mkoa. Na ugonjwa ukizidi hupelekwa Muhimbili ya Upanga, au Mloganzila, iliyofunguliwa mwaka 2017 na kuwekwa chini ya usimamizi wa Muhimbili mwaka 2018. Katika safari hiyo hupita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja humsemesha kwa maneno yake. Yafaa basi kuuliza kama maneno hayo yanampeleka mbele au yanamrudisha nyuma.

CHOMBO NA ASILI YAKE

Tamaa ya kuona ndani ya mwili wa mtu aliye hai ni ya zamani. Mwaka 1806 Philipp Bozzini, daktari wa Frankfurt, alitoa habari za chombo chake kilichopeleka mwanga wa mshumaa ndani ya matundu ya mwili. Mwaka 1868 Adolf Kussmaul wa Freiburg alifaulu kuingiza bomba lililonyoka hadi tumboni, na mtu aliyekubali kujaribiwa alikuwa mmeza panga wa michezo ya hadhara, aliyekwisha kulizoesha koo lake kazi hiyo. Bomba lisilokunjika halikuweza kuwa chombo cha wagonjwa wote. Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya wanafizikia kuonyesha, mwaka 1954, kwamba nyuzi nyembamba za kioo zilizofungwa pamoja zaweza kupitisha picha hata zikipindwa. Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Michigan katika Marekani, alikimeza yeye mwenyewe chombo cha nyuzi hizo kabla ya kumwingizia mgonjwa.

Chombo cha siku hizi ni mpira mrefu mweusi, mnene kiasi cha sentimita moja, wenye taa na kamera ndogo kwenye ncha. Picha huonekana kwenye kioo cha televisheni. Kichezewapo vitasa vyake, ncha hupinda huku na huku. Na ndani yake mna njia nyembamba ambayo daktari hupitishia koleo, sindano au waya. Kwa hiyo chombo kilichoanza kwa kutazama tu sasa hutibu: huzuia damu inayovuja, hukata vinyama vilivyoota kwenye ukuta wa utumbo mpana kabla havijageuka saratani, na hupanua umio uliozibwa. Mwaka 2000 ilitangazwa pia kamera ya namna ya kidonge, ambayo mgonjwa humeza kwa maji, nayo hupiga picha njia nzima ya utumbo mwembamba hadi itoke kwa choo.

Kiyunani ndicho kilichotoa jina la ufundi huu, endoskopia. Sehemu yake ya kwanza maana yake ni ndani, na ya pili ni kutazama. Kiswahili kilikuwa na mfano wa neno la namna hiyo tangu zamani. Darubini ni la Kiajemi, na viungo vyake ni mbali na kuona. Na kwa kuufuata mfano huo likapatikana hadubini, chombo cha kuonea vitu vidogo mno. Msemaji wa Kiswahili hasikii tena viungo vya Kiajemi ndani ya darubini. Kwake ni chombo cha kuonea kisichoonekana kwa macho matupu, basi. Kwa sababu hiyo hapana kosa la maana katika kusema darubini ya tumbo. Hata hivyo usemi huo haukushika, na watu wameyatafuta maneno mengine.

MANENO YA MGONJWA

Jina la ugonjwa lisikikalo zaidi katika vitongoji hivyo ni vidonda vya tumbo. Hilo hutumika kwa kila maumivu ya chembe cha moyo: kwa kiungulia, kwa gesi, kwa tumbo kujaa, na kwa kichefuchefu cha asubuhi. Msemo huo umekwisha kuacha kuwa maelezo ya kitu kilichoonekana ukawa jina la hali. Mtu husema ana vidonda vya tumbo kwa miaka kumi ingawa hapana aliyepata kuviona, na huinunua dawa kwa jina hilo dukani. Lakini kidonda ni kitu cha kuonekana. Tena tangu Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipofaulu mwaka 1982 kumkuza kwenye maabara bakteria akaaye tumboni, na Marshall akamnywa mwenyewe mwaka 1984 ili kuonyesha madhara yake, imejulikana kwamba vidonda vingi vya kweli huletwa na bakteria huyo na vyaweza kuponywa kabisa kwa dawa za kumwua. Kwa kazi hiyo wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria mwenyewe aweza kutafutwa kwa kipimo cha choo au cha pumzi. Basi jina lililozoeleka huwatendea wagonjwa ubaya wa namna mbili: humpa asiye na kidonda dawa ya kidonda, na humfanya mwenye kidonda aamini kwamba ni maradhi ya kuishi nayo.

Ubaya wa tatu ni mkubwa zaidi. Saratani ya tumbo katika mwanzo wake huuma kama kidonda cha kawaida, na dawa za kupunguza asidi zaweza kuyatuliza maumivu yake kwa muda. Kupungua mwili, kutapika damu, choo cheusi kama lami, na chakula kukwama ni dalili zitakazo kutazamwa ndani upesi. Lakini mgonjwa aliyekwisha kuwa na jina la ugonjwa wake haoni haja ya kutafuta jina jingine. Methali yasema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa mgonjwa hakuficha kitu. Neno ndilo lililoficha.

Chembe cha moyo nacho kinastahili kuangaliwa. Ni jina la kale na zuri la mahali palipo chini ya mfupa wa kifua, nalo halina uhusiano na moyo kama kiungo. Lakini vijana wengi wa mjini wameliacha, na badala yake husema moyo unauma au moyo unachoma. Mganga asiyeuliza zaidi aweza kupima moyo wa mtu mwenye kiungulia, au, hatari zaidi, kumpa dawa ya kiungulia mtu ambaye moyo wake hasa ndio uumwao.

Hali ni hiyo hiyo katika koo. Vitabu vina neno umio kwa njia ipelekayo chakula tumboni, lakini nje ya shule halisikiki sana. Watu husema koo, au koo la chakula. Magazeti huandika saratani ya koo kwa ugonjwa wa umio na kwa ugonjwa wa koromeo pia, ingawa tiba zake ni mbali mbali. Afrika ya Mashariki, tangu Ethiopia na Kenya hadi Malawi, ni mojawapo ya sehemu za dunia ambazo saratani ya umio imekithiri. Wagonjwa wengi hufika wakati hata uji haupiti. Kwa hao tiba iwezekanayo mara nyingi ni kuwekewa, kwa njia ya endoskopia, bomba la nyavu za waya lijipanualo lenyewe ili mtu ale tena. Hospitali ya Tenwek katika Bomet, Kenya, imeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mgonjwa asemaye chakula kinakwama kooni, naye akionyesha kwa kidole katikati ya kifua, amekwisha kutoa habari yote itakiwayo. Ni juu ya msikilizaji kuufuata mkono wake na si neno lake peke yake.

MANENO YA DAKTARI NA MUUGUZI

Hospitalini maneno matatu hushindana. La kwanza ni endoskopia, ambalo limeingia katika matangazo ya hospitali na magazeti. Lina sifa ya kuwa jina la ukoo mzima wa vipimo, na huzaa ndugu zake kwa urahisi: kolonoskopia kwa utumbo mpana, laparoskopia kwa uwazi wa tumbo. Kasoro yake ni kwamba halimwambii mgonjwa kitu. La pili ni kumeza mpira. Hili ni la watu wenyewe, na ni la kweli, maana mgonjwa hutakiwa ameze ili ncha ipite. Lakini hutia hofu. Mtu hufikiri mpira utabaki ndani, au utamkaba asipumue. Haisemwi kwamba njia ya pumzi ni nyingine, kwamba koo hutiwa ganzi kwanza, na kwamba kazi yote kwa kawaida huchukua dakika chache tu.

La tatu ni kuchungulia. Kwa upande wa sarufi hili ni neno bora. Shina lake ni lile lile la kuchunguza, na tofauti yake ni kwamba mwenye kuchungulia hutazama kupitia mwanya mdogo, jambo ambalo ndilo hasa lifanywalo. Lakini neno halipimwi kwa sarufi tu. Mtaani kuchungulia ni tendo la mtu asiye na adabu, atazamaye kwa siri yasiyomhusu. Kwa tumbo la juu jambo hilo laweza kupita; kwa kipimo kiingiacho kwa njia ya haja kubwa, mama mzima wa Temeke akiambiwa atachunguliwa, ameonewa haya kabla ya kuguswa. Kutazama ndani ni kusema jambo lile lile kwa heshima.

Neno kinyama nalo lina mtego. Daktari huona kinyama, yaani uvimbe mdogo ulioota. Tena husema atachukua kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara. Mgonjwa aliyesikia kwamba kinyama kimechukuliwa hudhani ugonjwa umekwisha kuondolewa, naye harudi kuchukua majibu. Kosa hili laweza kuzuiwa kwa neno moja tu: kipande cha kupima kwa kile kichukuliwacho, na kinyama kwa kile kilichoota.

Kadhalika nusu kaputi. Hili ni neno la ajabu, ambalo sehemu yake ya pili hudhaniwa kuwa ya Kijerumani, lugha ambayo kwayo maana yake ni kuharibika au kwisha. Kwa masikio ya wengi nusu kaputi ni nusu ya kufa. Endoskopia ya tumbo la juu mara nyingi haihitaji zaidi ya ganzi ya koo au dawa kidogo ya kutuliza, lakini muuguzi asiyetofautisha ganzi, dawa ya kutuliza na nusu kaputi humtisha mtu kwa jambo ambalo halitafanywa.

MAELEKEZO KABLA YA KIPIMO

Hapa lugha yaweza kuharibu kazi ya siku nzima, na pengine kuleta hatari. Tumbo likiwa na chakula daktari haoni vizuri, na mgonjwa aweza kutapika chakula kikaingia mapafuni. Kwa hiyo huambiwa afunge. Lakini kufunga kwa wakazi wengi wa pwani ni saumu, ambayo huanza alfajiri baada ya daku, na daku ni chakula cha usiku wa manane. Mtu mwenye kutii kabisa aweza kula daku yake na kufika hospitali akiwa amefunga kweli kweli. Zaidi ya hayo, kufunga choo ni jina la ugonjwa, na kufunga mishipa ni tiba: mishipa ya umio iliyovimba kwa sababu ya ini kuharibika, au kwa kichocho cha matumbo kipatikanacho sana kandokando ya Ziwa Viktoria, hufungwa kwa vipete vya mpira ili isipasuke. Ni afadhali isemwe waziwazi: usile chakula chochote tangu saa 6 usiku.

Na hata saa zina neno. Karatasi iliyoandikwa 12.00 kwa desturi ya Kizungu ni usiku wa manane. Kwa msomaji wa Tandika ni saa 12, ambayo ni magharibi au asubuhi. Mmoja atakaa na njaa saa sita zaidi ya inavyotakiwa, na mwingine atakunywa chai na maandazi asubuhi ile ile ya kipimo. Kosa hapa si la mgonjwa aliyesoma lugha yake kwa kanuni za lugha yake.

Kwa kolonoskopia utumbo mpana hutakiwa uwe mtupu, na mgonjwa hupewa dawa nyingi ya kuendesha. Maelekezo husema asafishe tumbo. Lakini kusafishwa, katika mazungumzo ya wanawake wa mjini, ndilo neno la stara kwa kazi ifanywayo katika mji wa mimba baada ya mimba kuharibika. Mwanamke aambiwaye mbele za watu kwamba atasafishwa tumbo aweza kuondoka asirudi, na hatasema sababu. Kiswahili cha zamani kina neno haluli kwa dawa ya kuendesha, nalo halina maana nyingine ya kuaibisha. Lingefaa kufufuliwa, na kama limesahauliwa mno, basi itoshe kusema dawa ya kuharisha ili utumbo ubaki mtupu.

MATUNDU MADOGO

Upande wa upasuaji Kiswahili kimefaulu zaidi. Mwaka 1980 Kurt Semm wa Kiel, daktari wa magonjwa ya wanawake, alikitoa kidole tumbo kwa vyombo vilivyopitishwa katika matundu ya ngozi, naye akalaumiwa sana na wapasuaji wa nchi yake. Mwaka 1985 Erich Mühe, Mjerumani pia, alikitoa kifuko cha nyongo kwa njia hiyo. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni ili ukuta wake uinuke, kamera hupitishwa katika tundu moja na vyombo katika mengine, na mgonjwa hurudi nyumbani mapema kuliko aliyepasuliwa kwa mkato mrefu. Kwa fundi wa ujenzi au mama lishe wa Mbagala, ambaye siku asiyofanya kazi ni siku asiyokula, wiki chache zilizookolewa si jambo dogo.

Waandishi wa Tanzania wameiita njia hii upasuaji wa matundu madogo, na jina hilo limeenea kila mahali. Ni jina jema kwa sababu tatu: limejengwa kwa maneno ambayo kila mtu anayo, linaeleza lifanywalo, na limehifadhi neno upasuaji. Hilo la tatu ni la thamani. Wako wasemao tiba bila kupasua, na maneno hayo huvutia, lakini si kweli. Laparoskopia ni upasuaji kamili wenye nusu kaputi, na ikitokea damu nyingi au viungo vimeshikamana, daktari hulazimika kulifungua tumbo kwa mkato mrefu. Mgonjwa aliyetia sahihi akiamini hatapasuliwa, kisha akaamka na mshono mrefu, amedanganywa, hata kama kila mtu alimtakia mema.

Mfano mwingine wa kufaulu ni puto. Katika miaka ya 2020 Mloganzila ilitangaza huduma ya kuweka tumboni, kwa njia ya endoskopia, mfuko uliojazwa ili mtu mnene ashibe upesi. Hapana aliyehitaji kamati ya istilahi. Kitu cha kuchezea watoto kilitoa jina lake, na watu wakaelewa mara moja.

NENO LIFAALO

Kazi ya kusanifu istilahi haikuanza jana. Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya mwaka 1964, na Baraza la Kiswahili la Taifa la mwaka 1967 zote zimeshughulika nayo, na kamusi ya tiba imekwisha kuchapishwa Dar es Salaam. Lakini mifano iliyotajwa yaonyesha kwamba kila jambo lahitaji maneno ya ngazi mbili. Iko istilahi ya wataalamu, kama endoskopia na umio, ambayo yapasa iwe moja na isiyobadilika, ili barua ya rufaa itokayo Mwananyamala ieleweke Upanga. Na uko usemi wa kumwambia mgonjwa, ambao haupimwi kwa kamusi bali kwa kile atakachofanya akisha kuusikia. Kosa la kawaida ni kuitumia ya kwanza mahali pa ya pili, na kuita hilo ustadi. Au kuuachia wa pili ujitengeneze wenyewe, na kulaumu ujinga wa watu.

Usemi huo si mgumu kuupata. Baada ya salamu ya heshima, muuguzi aweza kusema: Mama, daktari atatazama ndani ya tumbo lako la chakula kwa mpira mwembamba wenye kamera, koo litatiwa ganzi, utapumua kama kawaida, na mpira utatolewa wakati ule ule, akiona pana haja atachukua kipande kidogo cha kupima, na majibu yake utayafuata siku utakayopewa. Maneno hayo ni ya Kiswahili cha kila nyumba ya Temeke. Yanaichagua maana moja ya tumbo na kuziacha nyingine, yanataja ganzi na si kaputi, na yanamwambia mgonjwa kwamba kazi haikwishi siku hiyo. Kuyasema hakuchukui hata dakika moja.